Salma na Foleni ya Bwalo

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu mnaoomba nimalize upesi mkale pilau:

Leo ni tarehe 3 Mei 2025. Ni miaka arobaini na sita tangu niondoke Kondoa nikiswaga ng'ombe wa baba, tulipoambiwa mifugo imemaliza ardhi. Nikaishia Sumbawanga. Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia ya Salma, mjukuu wangu mwenye usonji. Ameniruhusu niyaseme haya, ingawa mimi mwenyewe yamenichanganya.

Mwalimu Devota wa shule hii amemwandaa kwa maisha ya chuo. Jumamosi kadhaa amempeleka huko, akamzoesha njia ya bweni, darasa, na mahali patulivu pa kukaa kelele zikizidi. Akamkumbusha pia kuwaamkia wakubwa. Basi Salma akasimama kwenye foleni ya bwalo, akampa shikamoo kila aliyemzidi umri, na kila mmoja wao akamwachia nafasi yake apite mbele. Chakula kikaisha kabla hajafika.

"Salma, si wote hao!"

"Mkubwa anaanzia miaka mingapi, Mwalimu?"

"Ukimwona tu utajua."

"Mimi sijui. Wewe unajuaje?"

Mwalimu akanipigia simu, eti mzee atajua. Ndugu zangu, mimi ninayeitikia marahaba kila siku, sikujua! Je, tunamfundisha adabu, au tunamtaka abahatishe kama sisi? Na hicho chuo, nani anakiandaa kimpokee? Nawapongeza walimu wa shule hii, kwa kuwa wamekubali kuulizwa maswali wasiyo na majibu yake.

Binti yangu Hamida, mama yake Salma, aliniomba nipange chumba Ipagala, jirani na chuo, niwe karibu na Salma mwaka wa kwanza. Sitaficha, nilifurahi mno. Nimekuja na mizigo yangu yote. Jana nikamwambia Salma.

"Babu, usikae. Ukiwepo, watu watakuuliza wewe. Mimi hawataniuliza."

"Na ukikosa chakula?"

"Nitamwambia wa mbele yangu kwamba nina njaa. Tumefanya mazoezi."

Mpaka sasa sielewi kama nimefukuzwa au nimeheshimiwa. Hamida analia, Mwalimu anatabasamu, nami nipo katikati. Lakini anayekwenda chuo ni Salma, na amesema.

Wahitimu mtakaokuwa naye, akiuliza, mjibuni yeye, msimtafute mwenye kumsemea. Nawashukuru wote kwa kunivumilia.

Kesho napanda basi la Sumbawanga na mizigo yangu. Sitarudi kukaa huku.