Kamera Inayotazama Mchanga

Ndani ya basi, kinyozi alikaa kiti cha nyuma ya abiria wawili, na kazi yake ilikuwa imemfunza kusikia bila kugeuza shingo. Mbele yake mama wa makamo alikuwa upande wa njia, na kijana aliyevaa shati la ofisi inayopima ufukwe amebanwa dirishani.

"Kamera yenu ya mnarani inatazama palepale alipozama kitinda mimba wangu," mama alisema taratibu. "Nionyeshe alivyozama."

"Pole sana, mama. Lakini ile tumeiweka itazame mchanga na mawimbi, si watu. Inapiga picha nyingi kwa dakika kumi, halafu inazichanganya ziwe moja. Kilichotulia kinabaki. Kinachotembea kinafutika."

Kinyozi akajisemea moyoni kwamba kuna maelezo ambayo heri mtu ajing'ate ulimi kuliko kuyatoa.

"Kwa hiyo alikuwa anapunga mikono mbele yenu, mkamfuta."

"Si sisi, mama. Mashine ndivyo ilivyo."

"Na kwenye picha ya saa ile kuna nini?"

Kijana akasema, "Maji. Na kaukungu keupe, pale mawimbi yanapovunjika."

"Hako kaukungu ni nani?"

Kijana alibonyeza kengele, akajiinua nusu. "Nashuka hapa, mama. Naomba njia."

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Kinyozi naye kituo chake kilikuwa hicho, lakini hakuthubutu kunyanyuka.

Mama hakusogeza magoti.

"Kaa utulie, mwanangu," alisema. "Si umesema kinachotulia ndicho mnachokiona?"