Mkate Niliopeleka Njoro

Mnipokee polepole, wapendwa, hii maiki sijaizoea. Wengi mnanijua kwa kuketi viti vya nyuma hapa kanisani na kutoka kabla ya chai. Leo nasema kwa nini.

Nilikuwa nasoma digrii ya pili Njoro. Utafiti wangu ulikuwa hivi: mtu wa kawaida, ambaye hajasomea kompyuta, aweze kuandikia simu yake maagizo kwa Kiswahili chake, kama vile imkumbushe kazi za siku, nayo ifuate. Nikatengeneza programu, nikaipeleka kwa akina mama kumi wanaofuga ng'ombe wa maziwa. Nilibeba mkate na soda, maana huendi kwa watu mikono mitupu. Wakajaribu, nikawauliza wanaionaje. Wote kumi: "Ni nzuri sana, mwalimu." Nikaandika hivyo.

Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: "Tangu uondoke, nani ameifungua?" Tukaangalia. Hakuna hata mmoja. Akasema nirudie yote.

Ndugu zangu, nawaambia, sikulia. Ningelia ingekuwa afadhali. Nilirudi kwa chumba changu hapa Kaptembwo, nikaketi kitandani, na miezi ikapita hivyo. Naamka, naangalia ukuta, nalala. Jumapili nakuja hapa, natoka kabla ya chai nisije nikaulizwa habari za masomo. Mama akipiga simu kutoka nyumbani Ndabibi, namwambia masomo yanaendelea vizuri. Alikuwa ameshatangazia kanisa lake lote, na mimi namdanganya bila hata sauti kutetemeka. Hiyo ndiyo inaniogopesha nikikumbuka.

Siku moja, mmoja wa wale akina mama wa Njoro alikuja kumtembelea dada yake kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Akanikuta kwa mfereji nikichota maji. "Woi! Mbona umekonda hivi? Masomo iliisha?" Nikamwambia kazi yangu ilikataliwa. Akaweka kikapu chini. "Mtoto wangu, hiyo kitu yako ilitushinda siku ya kwanza. Lakini ulikuja na mkate. Mtoto wa watu amekuja na mkate, nani atamwambia kazi yake ni mbaya?"

Nilikasirika, jameni! Nikamfokea palepale. Hiyo hasira ndiyo kitu cha kwanza nilisikia ndani yangu tangu nianguke. Akangoja nimalize, akasema, "Kuja tena. Usibebe kitu."

Nikaenda mikono mitupu, na aibu yangu. Nikamkuta akimfundisha mfanyakazi mgeni kukamua. Hakumwambia aanze na nini. Alianza kwa kukataza: "Huyu mweusi amedungwa sindano ya dawa, maziwa yake usichanganye na ya wengine. Yule anapiga teke, usikae nyuma yake." Basi. Programu yangu ilikuwa inadai mtu aandike hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaibadilisha, ianze kwa kuuliza ni nini kisifanyike. Safari hii akina mama walinigombeza: "Toa hii, ni upuzi!" Nikaandika kila neno. Nilipoondoka, waliendelea kuitumia.

Kabla sijapeleka kazi, nilimpigia mama nikamwambia ukweli. "Nilijua," akasema. "Kuja kwanza ulale nyumbani."

Kazi imepita. Nitavaa joho. Furaha ya kufaulu bado haijanifikia, siwadanganyi. Namshukuru Mungu, namshukuru mama, na yule wa Njoro aliyenikasirisha. Funzo langu ni dogo: tusiwe na heshima mpaka mtu anaanguka tukimsifu. Kwa hivyo leo nabaki kwa chai, lakini msiniambie nimeongea vizuri. Mniulize kama nimekula. Na nikijibu niko sawa, mniulize tena.