Treni za Lalit

Zama za Mwingereza, basi la Muleba lilijaa ndizi hata dereva tulimjua kwa kikohozi tu. Mbele yangu Lalit, mwenye duka Bukoba, alikumbatia sanduku la treni za kuchezea. Anakwenda kuzigawa, alimwambia mama wa pembeni. Mkewe hataki mpya ziingie kabla za zamani hazijapungua.

"Hata migomba tunapunguza, waitu, ndugu yangu," mama akamjibu. " Bakiza mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine mpe jirani apande."

Lalit akatoa injini iliyopungukiwa gurudumu. "Mama ni hii. Ya marehemu baba."

"Ibaki. Mtoto?"

Akatoa moja. Halafu nyingine.

"Ukoo wako hauishi!"

Tuliposimama Muleba sanduku lilikuwa tupu, mapaja ya Lalit yamejaa treni, zote wajukuu wa kubaki, na mama amefungua kikapu, anasubiri chipukizi lake.