Mama Upinde na Filimbi Niliyoiharibu

Baada ya miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi imekataa kumhesabia, mpiga fidla wetu wa kiti cha pili anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Upinde. Jina hilo alipewa na wapiga ngoma, kwa sababu upinde wa fidla haumtoki mkononi hata akinywa chai, na ukimuuliza mlango uko wapi anakuonyesha kwa huo huo upinde.

Kazi ya kuandika wasifu huu ilikuwa ya katibu wa okestra. Niliiomba mwenyewe. Mimi ni fundi wa ala, mtu wa gundi na tupa, na kalamu si fani yangu. Lakini kuna jambo kwenye faili la mama huyu ambalo limekaa vibaya kwa miaka kumi na tisa, na akistaafu kabla halijarekebishwa, litabaki hivyo hivyo. Nitalifikia.

Alisomea muziki wa klasiki tangu ana miaka saba. Siku ya usaili wake hapa uzi mmoja ulikatika katikati ya wimbo, akamalizia na nyuzi tatu zilizobaki bila kukunja uso. Wasaili wawili kati ya watatu hawakugundua. Wa tatu aligundua, na ndiye aliyesema achukuliwe.

Miaka ya mwanzo alipiga tulichopiga wote, yaani kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Kisha akaanza kutuletea wageni. Wa kwanza alikuwa mpiga udi aliyemkuta kwenye foleni ya benki. Wakafuata wapiga marimba watano, na marimba kubwa kuliko zote ikagoma kupita mlangoni, ikabidi dirisha la chumba cha mazoezi ling'olewe. Mwongoza okestra wa wakati ule, mtu wa taratibu kwelikweli, alishika kichwa. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiuliza mbona wale wa marimba hawajaonekana siku nyingi.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Miaka kumi na tisa iliyopita Mama Upinde alimleta mpiga filimbi ambaye riziki yake ilikuwa kushona mapazia, nasi tukamwita Mapazia. Filimbi yake ilikuwa ya mwanzi, imechongwa na marehemu mjomba wake, na ilikuwa na ufa mdogo karibu na mdomo. Mapazia hakuwa mtu wa kumwachia yeyote filimbi hiyo. Mama Upinde alimwomba siku mbili, akamwahidi kwamba fundi atafunga uzi kwenye ufa na hatagusa kingine. Akaniletea mezani, akanieleza hivyo hivyo, neno kwa neno.

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, bado niko kwenye majaribio, na mke wangu mjamzito. Nilitaka kuonekana fundi. Nilipofunga ule uzi nikaipima filimbi kwa kipimo cha sauti, mshale ukalala chini ya pale zinapolia ala zetu. Mimi nikaona ni kasoro. Haikunipitia kichwani kwamba mjomba mtu aliitaka ilie vile. Nikakata ncha yake kwa upana wa kidole, nikapanua matundu matatu, nikaipiga msasa, nikaipaka mafuta. Nilijipongeza, Mungu anisamehe.

Kesho yake Mapazia alipuliza noti mbili mbele ya okestra nzima. Akaitoa mdomoni, akaitazama, akauliza kwa sauti ya chini nani kaikata. Mama Upinde alinitazama mara moja tu, akasimama, akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia fundi aikate." Mapazia aliifunga kwenye kitambaa na kuondoka. Onesho likafutwa. Mama Upinde akapewa barua ya onyo, na kiti cha kwanza, cha kuongoza wapiga fidla, ambacho kila mtu alijua atatangaziwa wiki ile, akapewa mwingine. Hakuniambia ninyamaze. Kunyamaza nilijitakia mwenyewe.

Alichofanya baada ya hapo wengi wenu hamkijui. Kila Jumamosi alikwenda kwenye chumba cha kushonea cha Mapazia. Miezi ya kwanza hakusemeshwa. Alikaa kwenye benchi akimshikia kitambaa upande wa pili ili pindo lisiende upogo. Siku Mapazia alipoanza kuchonga filimbi mpya, alikuwa pale, akisikiliza kila tundu likitobolewa. Shingo ya fidla haina alama za kukuambia kidole kikae wapi, basi vidole vyake vikahamia polepole kwenye noti za Mapazia. Ilimchukua karibu miaka miwili. Onesho lilipofanyika hatimaye, nyuzi za okestra yote zilishushwa kuifuata filimbi. Piano, isiyoshushika, ilifunikwa shuka, na mpiga piano alinuna hadi makofi yalipoanza.

Tangu hapo akatuwekea utaratibu tunaoufuata mpaka leo. Mgeni akija, saa nzima ya kwanza ala zetu zinabaki chini, tunakaa mikono mitupu na kumsikiliza. Ndivyo tulivyopata maonesho arobaini na mbili na vikundi vya muziki wa kila namna, na kanda nne zilizorekodiwa.

Jumatatu nilimpelekea mkurugenzi barua ya kukiri. Onyo limeondolewa kwenye faili la Mama Upinde, nimelishuhudia kwa macho yangu. Jipya limeandikwa kwa jina langu, nami nimelisaini kwa furaha isiyo ya kawaida kwa mtu anayepewa onyo.

Kisha nikaenda kwa Mapazia. Alisimamisha cherehani, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua tangu siku ile, maana mkato ule ulifuata kipimo cha mashine, na mpiga fidla hupima kwa sikio. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Dada yule aliamua kukubebea. Nikasema ngoja nione utakuja lini."

Juzi nilimpa Mama Upinde ukurasa huu ausome, si vizuri kumwandika mtu kwa siri. Akachukua penseli akafuta kila kitu kuanzia pale filimbi inapoingia. Nimekirudisha chote. Dada, ni mara ya kwanza nakukatalia, na sitaomba msamaha kwa hilo.

Kwa lile jingine ninaomba, mbele ya wenzetu wote. Kiti cha kwanza hatuna namna ya kukurudishia. Kazi ninayoifanya mpaka leo ndiyo kiti ulichokikosa, na nimechelewa mno kukushukuru. Okestra nzima inakutakia afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi za kupiga unachotaka, pamoja na yeyote unayemtaka. Nenda kwa amani, Mama Upinde. Umetutendea wema.