Mchoraji Hajulikani, Naye Anakaa Majengo

Wasikilizaji wapendwa, wa mjini na wa kule juu migombani, karibuni. Leo tunamkumbuka Filbert Tesha, mchoraji wa milango ya maduka hapa Moshi. Filbert Tesha. Jina hili nitalirudia sana, mnivumilie. Mkisikia kisa chenyewe mtaelewa kwa nini.

Filbert alizaliwa Kidia, Old Moshi, mwaka 1961. Aliteremka mjini akiwa kijana, akapanga chumba Majengo, na hapo hapo Majengo akakaa karibu miaka arobaini. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuchora milango ya mbao ya maduka. Mwenye bucha akitaka ng'ombe, Filbert alipanda mlimani mpaka zizini kwake, akamtazama ng'ombe mwenyewe, ndipo akashuka na kuchora. Mwenye saluni akitaka uso wa mwanamke, alichorewa mama yake mzazi. Kuna mama mmoja wa Njoro alikuwa akipita pale asubuhi anaiamkia picha, shikamoo mama, halafu anaendelea na safari zake.

Jina lake hakuliandika popote. Mkewe, mama Tabitha, ambaye ni fundi cherehani na mama wa binti yao Loveness, anakumbuka walivyokuwa wakibishana. "Nilikuwa namwambia, Baba Loveness, weka jina basi. Ananijibu, la nini, mbona watu wote wananijua?"

Badala ya jina, chini kabisa ya kila mlango alichora mstari wa majani ya isale. Sisi wa huku tunayajua masale. Ndiyo tunayopanda mpakani mwa kihamba, mtu ajue shamba la fulani linaishia hapa. Basi Filbert naye alikuwa anasema hivyo hivyo: hii yangu. Majengo nzima ilijua.

Mwaka 2021 maduka ya zamani yakatakiwa kubomolewa. Wakaja watu wa jumba moja la makumbusho, jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua. Wakanunua milango kumi na mmoja. Kwa kuwa chini ilikuwa imeoza kwa matope ya mvua, wakakata kwa msumeno. Milango kumi ikakatwa chini. Kumi, wasikilizaji. Majani ya Filbert yakabaki pale kwenye rundo la takataka.

Utaniuliza, hawakuuliza nani kachora? Waliuliza. Walimuuliza mpangaji aliyehamia pale miezi miwili nyuma, akasema hajui, wakaandika hajui. Ng'ambo ya barabara, mama Tabitha alikuwa kwenye cherehani yake, anaitazama milango ya mumewe ikipakiwa kwenye gari. Alidhani inakwenda kuwa kuni. Hakuna aliyevuka barabara ile kumuuliza.

Miaka miwili ikapita. Siku moja jirani yake, dada Kindness, akaja mbio na simu. Kwenye simu kuna picha ya ng'ombe wa bucha, kamulikwa taa, wageni wamemzunguka na bilauri mkononi. Pembeni pana kadi. Herufi zilikuwa ndogo mno, Mama Tabitha akaomba asomewe. Kindness akasoma: "Mchoraji hajulikani."

Na ule mlango mmoja uliosalimika chini? Mtaalamu kauandikia maelezo marefu. Kasema ile mistari ya kijani ni miali ya moto wa volkano. Isale limekuwa volkano, jamani. Mtoto yeyote wa Kibosho angemsahihisha bure.

Wakati huo Filbert alikuwa ameshapata kiharusi. Mkono wa kulia haukushika tena brashi. Watu wakamwambia akadai fedha. Yeye alimwambia mkewe neno moja tu: "Mama Loveness, nataka niione ile kadi ina jina langu. Niione kwa macho yangu."

Hilo tu. Kadi yenye ukubwa wa kiganja.

Mama Tabitha akaandika barua. Akaandika ya pili. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa, wakimtaka alete ushahidi wa maandishi. Ushahidi wa maandishi wa ng'ombe wa bucha. Nilipoisoma barua hiyo kwa macho yangu, roho iliniuma, na sioni haya kusema.

Akamchukua mumewe, wakasafiri. Mlangoni wakakatishwa tiketi. Filbert Tesha alikatishwa tiketi kwenda kutazama kazi ya Filbert Tesha. Wakaingia taratibu, mzee kashikwa mkono, mpaka mbele ya yule mama wa saluni. Akanyoosha mkono wa kushoto. Mlinzi, kijana wa Marangu aitwaye Praygod, akamsogelea kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Hairuhusiwi kugusa."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Hapa shavuni rangi ilikauka vibaya, mvua ilinikuta sijamaliza."

Praygod alimtazama mzee, akautazama mlango. Kisha akawaongoza hadi kwenye ule mlango wa volkano, akauliza kwa sauti ya chini, akimwita mzee kwa heshima ya Kichagga, "Mbe, hili si isale?"

Mama Tabitha anasema hapo ndipo mumewe alipolia. Wataalamu wote wale, na aliyemwamini akawa mlinzi. Praygod akawapeleka ofisini, akawasemea. Wakaambiwa suala limepokelewa, kamati itakaa.

Kamati haikukaa Novemba. Haikukaa Januari. Mama Tabitha akipiga simu anaambiwa mkuu yuko safarini. Kila jioni Filbert anamuuliza, "Wamesemaje?" Naye, mwanamke asiyejua kudanganya, akajifunza kudanganya. Anamjibu, "Wiki ijayo."

Filbert Tesha alifariki mwezi Machi mwaka huu. Tulimzika Kidia, kihambani kwao. Na amini usiamini, jumba lile lilileta shada kubwa kuliko yote, na mwakilishi mwenye suti akaomba kuongea. Akatuambia kwamba jumba lao linajivunia kumgundua msanii huyu mkubwa.

Mama Tabitha akainuka kwenye kiti cha wafiwa. Mchungaji akataka kumzuia, kisha akaacha. Akasema hivi, nami nilikuwepo:

"Baba, asante kwa maua. Lakini mume wangu hamkumgundua. Hakuwa amepotea. Alikuwa anakaa Majengo, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na kila jioni alikuwa anawasubiri."

Akakaa.

Siku tisa baada ya mazishi kadi zikabadilishwa zote kumi na moja. Jina lipo, limeandikwa vizuri, na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka wa kufa. Mama Tabitha alitumiwa picha. Ameniambia bado hajaweza kuifungua.

Mama Tabitha, dada Loveness, ukoo wote wa Tesha na majirani wa Majengo, poleni sana. Mungu awafariji, na ampumzishe Filbert.

Nawe unayenisikiliza dukani, saluni, au bucha, geuka uutazame ukuta wako. Kuna mtu aliuchora. Mtafute leo, umwite kwa jina lake, akiwa bado anaweza kuitika.