Sahani Niliyoitoa kwa Mkono wa Kushoto

Sifa kwa Yezu aliye hai, ndugu zangu wa shirika letu la sala! Mimi ni Mama Kavira wa hapa Butembo, mnaniona kila juma. Leo nasimama na haya yangu yote.

Ndugu zangu, tangu usichana nimebeba mihogo kutoka Kalunguta, kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Shingo ikaanza kuuma, maumivu yakashuka begani, yakaingia mkono wa kulia mpaka vidoleni. Nilimeza vidonge vya sokoni. Mama mmoja alinikanda kwa nguvu mpaka nikalia, nami nikaamini kwamba dawa isiyouma si dawa. Maumivu yakazidi! Nikawa nafungwa kitenge na binti yangu Masika. Mama mzima! Nikamkataza asimwambie mtu, maana alikuwa anachumbiwa, na nani ataoa kwenye nyumba ambayo mama hawezi kuinua hata ndoo?

Siku wakwe walipokuja kutoka Kirumba kwa maneno ya mbuzi za mahari, ilibidi nipige magoti nitoe sahani kwa mikono miwili, kama desturi yetu. Mkono wa kulia ukakataa. Nikatoa kwa kushoto. Kushoto, ndugu zangu, kwa baba ya kijana! Aliitazama sahani, hakuigusa. Wakaaga bila kula. Masika hakunigombeza, alikusanya sahani huku analia. Nilitamani ardhi inimeze.

Shemeji yangu akanipeleka Beni, kwa mama mmoja kiné kule mtaa wa Beu, anayetibu kwa mikono. Kuvua nguo ya juu mbele yake nako kulinitia haya. Nikakaza mwili, nikingoja kuumizwa. Yeye akaweka viganja tu, polepole.

"Mama, hii mukono haijavunjika," akasema. "Ni mishipa ya fahamu ndiyo imezoea kulia hatari, sawa imbwa yenye inabwekeaka hata mwenye nyumba. Nikikugusa polepole, bongo inasikia: hapana hatari. Nikikufinya na nguvu, inazidi kuogopa. Donc, basi, pumua."

Nikapumua. Bega likashuka lenyewe, nikalia kama mtoto. Sikupona siku ile, nisiwadanganye! Nilirudi mara nyingi, nikafundishwa kuusogeza mkono kidogo kidogo bila hofu, na mzigo wa kitunga nikaupunguza. Siku zote nilikuwa naomba Mungu auguse mkono wangu, na kumbe aliugusa kwa viganja vya mtu.

Kisha nikafanya jambo lililoniumiza kuliko bega: nikamtuma shemeji Kirumba awaeleze wakwe kila kitu. Wakarudi. Nikapiga magoti na sahani ya kuku. Mikono miwili, ndugu zangu! Bega bado liliuma kidogo, lakini ilifika.

"Baba, munisamehe," nikasema. "Mukono ndiyo ilikuwa mugonjwa, roho yangu hapana."

Akaipokea. "Wasingya, mama," akashukuru, akaanza kula.

Hapo mama ya kijana akaniinamia sikioni, kama anayenisalimia. "Mukono yangu pia haipandake juu," akasema, akishika bega lake. "Sijaambia mutu. Ule mama wa Beu, utanipeleka?"

Asante Yezu! Ndugu zangu, tunaondoka kesho asubuhi, yeye na mimi. Kama na wewe unaficha maumivu chini ya kitenge, mwamini Mungu na uje. Kwenye gari kuna nafasi.