Dada Yetu Saa Sita, Fundi wa Umeme wa Jua

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi siku hizi tatu, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake. Karatasi hii iliandikwa jana katika kikao cha familia, nami nitaisoma kama ilivyo mpaka pale nitakaposhindwa, na hapo nawaomba mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, baba akiwa mlinzi wa ghala na mama akishona nguo kwa cherehani ya miguu. Alianza darasa la kwanza Januari 1969, akamaliza la saba mwaka 1975, akaendelea na sekondari hadi 1979, na Januari 1980 akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, msichana pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja. Siku ya kwanza mwalimu alimkabidhi ufagio akidhani ni mtu wa usafi, naye akafagia karakana yote, akarudisha ufagio mahali pake, akaenda kukaa dawati la mbele, na mwalimu yule akabaki ameshika chaki hajui aanzie wapi.

Tarehe 4 Julai 1983 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika kiwanda cha mablanketi, akafanya kazi humo miaka ishirini na sita, katika ukumbi wa mashine za kusokota uliojaa vumbi la nyuzi, kiasi kwamba mafundi walitoka jioni wakiwa na nyusi nyeupe, hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Septemba 2009. Hakukaa kushika tama. Mwaka uliofuata alijifunza kufunga umeme wa jua, akanichukua mimi, mdogo wake niliyekuwa nikihangaika na vibarua, akanifundisha kazi, na tangu hapo tumepanda pamoja mapaa ambayo siwezi kuyahesabu. Kila ninachojua kuhusu waya nimekipata kwake.

Alifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1985 na shemeji yetu, dobi, ambaye alimpata kwa sababu ya ovaroli zake zenye madoa ya grisi, maana shemeji alikataa kupokea malipo mpaka doa la mwisho litoke, na dada akawa anarudi kila wiki kuangalia doa limefikia wapi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1988, sasa ni mwalimu wa hesabu, na tunaye hapa mbele.

Jina la Saa Sita alipewa na wateja. Watu walikuwa wakimwita wakilalamika kwamba betri zao zinaisha kabla ya kulala, wanataka wauziwe paneli nyingine, naye kabla hajafungua mkoba wa vifaa anauliza, "Mnapiga pasi saa ngapi?", wakimwambia jioni, mkoba haufunguliwi, anawaambia paneli zinawatosha, wahamishe pasi iende saa sita mchana, wawashe pampu ya maji jua likiwa utosini, na jioni wabaki na taa na redio, kwa sababu umeme wa jua ni mtamu ukitumika wakati unaingia, na kila kinachopitia kwenye betri kinaichosha. Kwake mwenyewe, tangu alipofunga paneli nane mwaka 2012, sheria ilikuwa hiyo hiyo, na shemeji amepiga pasi miaka kumi na mitatu katika joto la mchana, jasho likimtiririka hadi viwikoni, akisema kwamba wanaume wengine wameoa wake, yeye ameoa ratiba. Friji alilijaza chupa za maji zigande mchana ili alizime usiku, na kila Jumamosi alipanda ngazi kufuta vumbi kwenye paneli kwa kitambaa laini, mpaka mapafu yalipomkatalia ngazi.

Kikohozi kilianza Machi 2021, na Novemba 2022 daktari alimwambia mapafu yake yamekakamaa, yumkini kwa vumbi la kiwandani, na kwamba hayatarudi yalivyokuwa. Tarehe 13 Februari mwaka huu wa 2025 aliruhusiwa kutoka hospitali akiwa na mashine ya kukodi ya kumpa oksijeni, aitumie saa zote, pamoja na mtungi mdogo wa akiba wa kutosha kumfikisha hospitali. Wiki ile ile alikaa kwenye kigoda katika stoo ya betri, mpira wa oksijeni ukiwa puani, mimi nikimpa bisibisi, akafunga swichi inayojikata yenyewe, betri ikishuka hadi nusu, nyumba nzima inazima, inabaki soketi moja tu chumbani kwake, ya mashine. Alinieleza mara mbili kwamba nusu ile si ya nyumba, ni ya pumzi yake, nami nikamwambia nimeelewa.

Ndugu zangu, karatasi yangu hapa inasema kwamba tarehe 7 Juni mashine ilipata hitilafu, hali yake ikabadilika ghafla, akaaga dunia. Hayo ndiyo niliyowaambia kikaoni, nao wakayaandika kwa kuniamini. Hapa ndipo nilipowaambia nitashindwa.

Mashine haikuwa na hitilafu. Ilikuwa Jumamosi, siku ya nne tangu upepo uangushe nguzo za umeme mtaani kwetu, na siku ya tatu ya mawingu mazito, paneli hazikuingiza cha maana. Habari zilikuwa zimeenea kwamba amezidiwa, wageni wakaja tangu asubuhi, kufika mchana walikuwa watu thelathini na zaidi, wazee wetu wakiwemo, na shemeji alikuwa amelala baada ya kukesha kwa mgonjwa. Saa nane swichi ikajikata, kama ilivyofungwa ijikate. Pampu ikasimama, tangi likakauka, choo kikawa hakina maji, birika la umeme likapoa kabla ya kuchemka, na mzee mmoja akatoka chooni akiwa amebeba viatu mkononi, akaniangalia. Niliona aibu. Mimi fundi, nyumba ya fundi, wageni wamekaa hawana maji wala chai. Niliingia stoo nikatoa waya kwenye ile swichi, nikauunganisha moja kwa moja, pampu ikanguruma, watu wakapiga makofi, mtu mmoja akasema, "Huyu kweli kafundwa na dada yake," na mimi nikafurahi. Nilijiambia ni nusu saa tu, tangi likijaa narudisha. Kisha wakaja wageni wengine, birika likawekwa tena, na tena, simu zikachomekwa, nikawa napanga viti, na waya ule nikausahau.

Saa kumi na moja na robo jioni mashine ikaanza kulia, ikazima. Nilimwekea mtungi, nikarudi stoo nikakuta betri zimekwisha kabisa, tukamwita jirani mwenye gari, na barabara ya bondeni ilikuwa imejaa maji, tukazunguka. Nyuma ya gari kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja yangu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama niliondoa swichi, nikamwambia ndiyo, dada. Akavuta pumzi, akaniuliza kama wageni wamekunywa chai. Nikamwambia wamekunywa. Mtungi uliisha njiani, na alifariki saa kumi na mbili na dakika kumi, tukiwa tunaliona geti la hospitali.

Nimesikia yanayosemwa hapa msibani kuhusu mtaalamu wa vifaa vya tiba aliyetukodishia mashine, kwamba alituletea kitu kibovu, na jana kuna waliokataa kumpa mkono. Yupo pale nyuma, amesimama, amekuja kuzika. Nimemwacha abebe mzigo wangu siku mbili nzima, na nisingeweza kumwacha aubebe mpaka kaburini. Mashine yake ilikuwa nzima. Na wageni mliokuwepo siku ile, hamkujua, msijilaumu, aliyejua ni mmoja.

Shemeji nilimwambia leo asubuhi, alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akafunga mlango, kisha akatoka na kusema nisome mwenyewe, nisimpe mtu mwingine karatasi. Binti yetu anasikia sasa hivi pamoja nanyi, na hilo nalo ni kosa langu, nilijaribu mara mbili kumwambia, mdomo ukagoma.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza tangu mwaka 2021, jirani aliyetoa gari lake na kuliendesha ndani ya maji bila kujali, mafundi wenzake wa kiwandani mliokuja, wengi wenu nanyi mkikohoa, nendeni mkapime, na wateja wake wote mlioacha kupiga pasi jioni kwa sababu yake. Walio na wagonjwa wa mashine nyumbani, wakija wageni, hata wakiwa wakwe, waambieni maji hakuna na chai hakuna, waondoke wamenuna. Mimi nilishindwa kusema sentensi hiyo moja.

Dada, ulale mahali pema. Sikuombi unijibu.